Bei Isiyolingana na Gari: Kutafuta Chanzo Pale Mnunuzi wa Gari la Spoti la Kale Anapotaja Bei ya Ajabu

Anayeuza gari la spoti la kale hapa Malindi hukutana na bei za ajabu kabla hajakutana na mnunuzi. Simu italia asubuhi na mapema, sauti isiyojitambulisha itauliza "mwisho ni ngapi?", na kabla hujajibu itakutajia kiasi kisichotosha kufufua hata kabureta mbili za gari lenyewe. Wauzaji wengi hukasirika wakakata simu, nami nilikuwa miongoni mwao, mpaka nilipoanza kuandika katika daftari kila bei niliyotajiwa pamoja na maneno ya aliyeitaja. Baada ya muda niliona kwamba bei ya namna hiyo haizuki hivi hivi: mtu ameitoa mahali, na ukipajua alipoitoa utajua kama anafaa kuelezwa, kuachwa aende zake, au kusikilizwa kwa makini kwa sababu yeye ndiye aliyepatia.

Kwa hiyo kila dalili iliyo hapa chini nimeiambatanisha na chanzo chake cha kawaida, na namna ya kukihakikisha kabla ya kubishana na mtu. Mfano nitakaoutumia zaidi ni Datsun 240Z, gari la spoti la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kuwa ndilo gari nililolishughulikia sana na lina historia katika nchi hii, ila mwenye Porsche 911, Alfa Romeo Spider au Jaguar E-Type atayakuta mambo ni yale yale.

Dalili: bei inatajwa kabla gari halijaonekana

Mara nyingi anayezungumza nawe si mnunuzi. Ni dalali aliyepewa habari na dalali mwenzake, na huyo naye aliisikia kwa fundi, na kila mmoja katika mnyororo huo ameshajikatia fungu lake kutoka katika bei ambayo wewe hujaikubali. Kiasi unachotajiwa ni masazo ya hesabu ya watu watatu au wanne.

Kipimo chake ni rahisi. Muulize angependa kuona nini kwanza atakapofika. Mnunuzi wa kweli atataja namba ya chesisi, sakafu au injini, au atauliza kama gari linawaka. Dalali atauliza limeegeshwa wapi na kama mwenyewe yupo. Usimtajie bei ya mwisho kwa simu, kwa sababu ukiitaja leo, kesho itakuwa ndiyo bei ya kuanzia katika eneo zima, kuanzia Casuarina hadi Watamu.

Dalili: mnunuzi anakuonyesha simu yake

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Mtu anafika, anaamkua vizuri, anazunguka gari mara moja, kisha anatoa simu na kukuonyesha gari "kama hili hili" linalouzwa ng'ambo kwa theluthi ya bei yako. Usimwambie kwamba anadanganya, kwa maana tangazo analokuonyesha lipo kweli. Omba muangalie pamoja, na mpitie mambo manne bila haraka.

La kwanza ni usukani. Namba za chesisi za 240Z zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani, zenye usukani wa kushoto, huanza kwa herufi HLS30, ilhali zile za usukani wa kulia zilizouzwa katika nchi kama Kenya, Uingereza na Australia huanza kwa HS30. Herufi moja tu inatenganisha masoko mawili. Idadi kubwa kabisa ya 240Z iliuzwa Marekani, na ndiyo maana matangazo ya bei nafuu, hasa ya magari yanayosubiri kutengenezwa, hutoka huko. Namba yenyewe imegongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Inua boneti, futa vumbi, umsomee.

La pili ni kama gari hilo la simuni linaweza kuwa mbadala wa lako. Kiwango cha Kenya KS 1515:2000 kinataka gari lililotumika linaloingizwa nchini liwe na umri usiozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani wake uwe upande wa kulia. Gari la 1972 lenye usukani wa kushoto linashindwa masharti yote mawili. Basi mnunuzi analinganisha gari analoweza kuliendesha hadi Mombasa juma hili na gari asiloweza kulishusha bandarini kwa njia ya kawaida, na hakuna sababu bei zao zifanane. Nimeona nyuso zikibadilika katika hatua hii kuliko katika nyingine yoyote, kwa kuwa wengi hawakuwahi kujiuliza.

La tatu ni aina ya gari. Lililo katika simu huenda likawa 260Z ya viti vinne, iliyotoka mwaka wa 1974, yenye mwili mrefu zaidi na paa lililonyanyuliwa nyuma. Wakusanyaji kwa kawaida huipa thamani ndogo kuliko 240Z ya viti viwili. Mwenye Porsche atakutana na jambo hili kwa namna nyingine: 911T na 911S za mwaka mmoja zinafanana kwa mbali, ilhali bei zake hazikaribiani. Mtu asiyezoea haoni tofauti, na si aibu kutoiona.

La nne, ambalo wauzaji nao hulikosea, ni tofauti kati ya bei inayoombwa na bei iliyolipwa. Tangazo linaonyesha ndoto ya mwenye gari. Mnada unaonyesha kilichotolewa siku moja, na watu wawili walioshindana, kwa gari moja lenye hali yake. Mnamo Januari 2020, 240Z ya 1971 iliuzwa katika mnada wa mtandaoni huko Marekani kwa dola 310,000, ilhali gari jipya la aina hiyo liliuzwa huko mwaka wa 1970 kwa dola 3,526. Lilikuwa gari lililotembea maili chache mno, karibu jinsi lilivyotoka kiwandani. Baada ya hapo kila mwenye 240Z iliyolala chini ya mwembe alijiona tajiri, na nilipigiwa simu na watu waliotaka niwauzie mabati yao kwa mamilioni yasiyokuwepo. Nalitaja hili kwa sababu muuzaji anayetumia mnada ule kama ushahidi hana haki ya kumlaumu mnunuzi anayekuja na tangazo la bati lililooza huko Arizona. Wote wawili wamechagua gari lisilohusika.

Ukimaliza mambo hayo manne, mwachie mnunuzi nafasi ya kurudi na mfano ulio sawa: chesisi ya HS30, mwaka unaokaribiana, hali inayokaribiana, bei iliyolipwa kweli. Akiupata, mazungumzo yameanza. Akirudi na tangazo lile lile, umepata jibu lako.

Dalili: hadithi yako ya Safari inamfanya acheke

Ni kweli kwamba 240Z ilishinda mashindano ya magari ya Safari mara mbili: mwaka wa 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na mwaka wa 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews, ambapo Mehta alilingana kwa pointi na Harry Källström na ushindi ukaamuliwa kwa kanuni ya kutenganisha waliofungana. Historia hiyo ni ya thamani. Lakini magari ya timu ya kiwanda yalikuwa machache, na mnunuzi aliyeambiwa na wauzaji watano mfululizo kwamba gari la kila mmoja "lilikimbia Safari" huanza kupunguza bei kwa kila sentensi unayoiongeza. Kama huna picha za wakati ule, hati za mashindano na namba ya chesisi inayoweza kufuatiliwa, liuze kama gari la barabarani la mwaka wake. Sehemu kubwa ya punguzo litaondoka pamoja na hadithi.

Dalili: "Gari la miaka hamsini, unaniomba bei ya Prado?"

Mtu huyu anatumia hesabu sahihi mahali pasipo pake. Probox hupoteza thamani kila mwaka kwa sababu kazi yake ni kubeba, na kubeba kunaimaliza. Umri peke yake hauongezei gari thamani wala hauiondoi: Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964, na moja iliuzwa mwaka wa 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48, ilhali magari mengi ya miaka hiyo hiyo yaliishia kuwa vyuma chakavu. Muulize anataka kulifanyia nini gari. Akisema ni la kwendea kazini Kilifi kila siku, mwonyeshe njia ya yadi za magari ya kawaida, naye atakushukuru baadaye. Na ndugu zetu wa Lamu, ambako punda ndiye usafiri wa mitaani, hawahitaji somo hili hata kidogo: mtu aliyewahi kununua jahazi anajua kwamba chombo cha zamani chenye mbao nzima huweza kuzidi bei ya kipya kilichopigwa misumari ovyo.

Dalili: mnunuzi amekuja na sumaku

Mheshimu. Mzee mmoja kutoka Mombasa alinijia na sumaku ndogo aliyoifunga kwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi. Hakuuliza bei. Aliiburuta polepole kwenye ubavu wa chini wa gari, kuanzia mlangoni kwenda mbele, nayo ikawa inashika, inashika, kisha nyuma ya gurudumu la mbele ikateleza na kuanguka mchangani. Aliiokota, akairudisha pale pale, ikaanguka tena. Akaniambia, "Mwanangu, hapa pana filla ya unene wa kidole," yaani ule udongo wa kuziba mashimo ya bati, ambao sumaku haushiki. Kisha akaomba ruhusa, akafunua kapeti upande wa dereva, akapiga tochi, na kwa ncha ya bisibisi akagusa bati pale kisigino cha dereva kinapokaa. Bisibisi ilizama bila kelele, kama inaingia katika biskuti, na tukaona mchanga wa uani kwangu kupitia sakafu ya gari.

Gari hilo lilikuwa limelala miaka mingi katika banda la makuti umbali mfupi kutoka ufukweni. Makuti huzuia jua na mvua, lakini upepo wa kusi unaotoka baharini hupenya kila upande ukiwa na unyevu na chumvi, na 240Z ni bati jembamba lisilokuwa na kinga ya kutosha ya kutu tangu kiwandani. Mwenyewe aliosha gari kila Ijumaa, juu tu. Sehemu za kukagua kabla mnunuzi hajakukagulia ni sakafu zote mbili, fremu zilizo chini yake, sahani anapokaa betri ambapo asidi humwagika, shimo la gurudumu la akiba, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma.

Katika hali hii bei ya chini ya mnunuzi ina chanzo halali, na kubishana nayo ni kupoteza siku. Kinachobaki ni kuangalia kama punguzo lake linalingana na kasoro. Tuseme unaomba shilingi 3,000,000, na fundi wa bodi anakadiria kwamba kukata na kuchomea sakafu na mbavu, pamoja na rangi, kutagharimu 450,000. Mnunuzi anaondoa 450,000 hizo, kisha anaondoa 300,000 nyingine za rangi, kisha 400,000 za "usumbufu". Rangi ameihesabu mara mbili, kwani ilikuwa ndani ya makadirio ya kwanza. Usumbufu ni haki yake kwa kiasi, kwa maana kutu huonekana yote pale tu rangi inapokwanguliwa, na hakuna fundi mwaminifu anayeahidi kwamba hatakuta zaidi. Mimi hukubali sehemu ya usumbufu na kukataa rangi ya pili. Dawa iliyonisaidia ni kutafuta makadirio ya maandishi ya fundi mapema, na kumkabidhi mnunuzi pamoja na picha za chini ya gari kabla hajapiga magoti. Mnunuzi aliyeonyeshwa shimo hukadiria bei ya shimo hilo. Aliyeligundua mwenyewe hukadiria bei ya mashimo yote anayodhani umeyaficha.

Dalili: mmeshapatana, kisha bei inaanguka siku ya kutia saini

Arubuni imeshatolewa, mashahidi wapo, na ghafla mnunuzi anataka kupunguziwa robo. Watu husema amegeuka. Mara nyingi amesoma karatasi.

Tazama kwanza logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, iko kwa jina la nani. Malindi ina magari yaliyoachwa na wageni waliorudi kwao, hasa Waitaliano walioishi hapa miaka mingi, na baadhi ya wamiliki wameshafariki. Uhamisho wa umiliki unafanywa kupitia mfumo wa mtandaoni wa NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, ambamo mwenye gari ndiye anayeuanzisha kwa akaunti yake na mnunuzi akaukubali kwa akaunti yake. Kama mwenyewe hayupo duniani, hakuna wa kuuanzisha mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi, na kwa Waislamu shauri hilo huweza kupelekwa kwa kadhi. Barua ya mlinzi wa nyumba inayosema "bwana aliniachia" haimhamishii mtu gari. Mnunuzi anayepunguza bei kwa sababu hii anahesabu wakili, miezi ya kungoja, na uwezekano wa mtoto wa marehemu kutokea kutoka Milano.

Kisha linganisha namba ya injini na ile iliyoandikwa. Injini ya asili ya 240Z ni L24 ya sentimita za ujazo 2,393, lakini mafundi wengi waliweka L28 ya magari yaliyofuata kwa kuwa ina nguvu zaidi na huingia bila taabu. Kama mabadiliko hayo hayakusajiliwa, kuna tatizo la kisheria, na hata yakisajiliwa, mkusanyaji anayetaka gari lenye namba zake za asili atalipa pungufu. Hapo hana makosa.

La mwisho, na ndilo zito, ni ushuru. Gari lililoingia kwa kibali cha muda, kama yale ya wageni wanaosafiri au kushiriki mashindano, huingia bila kulipiwa ushuru kwa sharti la kutoka tena. Kuliuza hapa kabla ya kulilipia ushuru ni kumuuzia mtu kesi. Ukigundua hivyo, simamisha mauzo yote kwanza, urudishe arubuni.

Dalili: mgeni anayeamini kwamba Afrika kila kitu ni cha bure

Huyu huja wakati wa likizo, akiwa amesoma mahali fulani kuhusu magari ya thamani yaliyogunduliwa katika mabanda ya watu wasiojua walicho nacho. Bei yake ni ndogo, naye huitaja kwa tabasamu. Inaudhi, nakiri, na kuna mmoja niliyemjibu vibaya. Hata hivyo, ndani ya bei yake huwa mna gharama za kweli ambazo wewe huzioni: kusafirisha hadi bandari ya Mombasa, kontena, bima, na kuliandaa lisajiliwe kwao. Tena usukani wa kulia, ambao hapa ni faida, katika nchi nyingi za Ulaya hupunguza idadi ya wanunuzi.

Jibu ni kumsaidia kufanya hesabu vizuri zaidi kuliko alivyoifanya. Magari yenye umri wa miaka 30 au zaidi, yaliyo katika hali yake ya asili na ambayo aina yake haitengenezwi tena, yanaweza kuingizwa Uingereza kama mali ya wakusanyaji bila ushuru wa forodha na kwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 tu, na nchi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu unaofanana. Wengi wao huwa wameweka ushuru kamili na kodi kamili katika hesabu, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuziba pengo lililobaki. Kwa mnunuzi wa Uingereza, usukani nao unaacha kuwa kasoro. Asipobadilika baada ya hapo, mkaribishe chai, aende zake ufukweni.

Dalili: watu wasiojuana wote wanataja bei ile ile

Hii niliichelewa sana. Mwaka mmoja nilikuwa na gari nililoliombea bei niliyoipenda, na katika miezi mitano walikuja watu sita: daktari wa Mombasa, vijana wawili wa Nairobi, Mwitaliano mmoja, fundi wa Kilifi na yule mzee wa sumaku. Hawakufahamiana, na kila mmoja alifika kwa njia yake, mmoja akihesabu kutu, mwingine matangazo, mwingine karatasi. Nilipofungua daftari, bei zao zote ziliangukia karibu mahali pamoja, asilimia 30 chini ya yangu. Mmoja akitaja bei ya ajabu, tafuta chanzo kwake. Sita wakiitaja ile ile, ya ajabu ni yako, na hapo kipimo unachotakiwa kukifanya ni kujiuliza wewe mwenyewe uliitoa wapi. Yangu niliitoa kwa rafiki aliyekuwa akiuza gari kama hilo Nairobi, na ambaye, nilipompigia kumuuliza aliliuza kwa ngapi, alinijibu kwamba bado analo.

Gari langu lilikaa bandani miezi mingine tisa kabla sijakubali. Nilimpigia fundi wa Kilifi, naye kwa bahati alikuwa bado analitaka. Alilipa kiasi alichokitaja siku ya kwanza, kasoro bei ya betri na matairi mawili yaliyokuwa yamepasuka kwa kusimama.